Baba mdogo aling'oa mpaka wa shamba la marehemu baba na bado anaongoza maombi. Mungu anamvumilia hadi lini?

Manka wa Mlimani ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana "mwachie Mungu" nimeshaambiwa na watu wengi, na walioniambia wananipenda, lakini sijaelewa bado.

Sisi ni wa Machame, Kilimanjaro. Baba alifariki 2015 na amezikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo la migomba na kahawa, kama ilivyo desturi yetu. Kwenye kikao cha ukoo baada ya mazishi baba mdogo alisimama akasema, kijana bado yuko shule, shemeji ana presha, basi yeye atakishika kihamba mpaka mdogo wangu akomae. Watu wakaitikia. Mama akashukuru mbele za watu. Hakuna kilichoandikwa.

Mwanzoni alikuwa analeta mkungu wa ndizi, na kahawa ikiuzwa anatoa chochote. Baadaye akaacha. Halafu akang'oa masale. Kwa wasio wa huku, isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachaga tunaupanda mpakani, kihamba kwa kihamba, na hakuna anayeugusa hovyo. Jani la mmea huohuo ndilo mtu hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na aliyepelekewa isale ni vigumu mno kukataa. Baba mdogo aling'oa mstari mzima uliotenga kihamba chetu na chake, mzee wa jirani akiona. Nilipopanda mlimani Desemba ile niliyakuta masale yametupwa kwenye mfereji, mengine yana udongo kwenye mizizi, maji yanapita juu yake. Mibuni aliyoipanda babu imefyekwa. Sasa hivi pale ni parachichi.

Mama amepanga chumba Moshi mjini, anauza ndizi soko la Mbuyuni. Anaamka alfajiri kupokea mzigo wa jumla unaoshuka kutoka mlimani. Kuna siku anainua mkungu wa mshare, anaugeuza, anautazama kwenye mkono wa chini, anaurudisha bila kuununua. Sijawahi kumuuliza anatafuta nini. Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani. Sisi tunabisha hodi ili tufyeke majani kwenye kaburi la baba.

Na baba mdogo ni mzee wa kanisa. Jumapili moja nilikaa benchi la nyuma yake, akaitwa kuongoza maombi, akaombea wajane na yatima kwa sauti nzuri kabisa, wala haikumkwama. Mnada wa sadaka ulipoanza nje baada ya ibada, yeye ndiye aliyenunua yale mayai na kuku kwa bei ya juu, watu wakapiga makofi. Biblia inasema wazi, Mithali 23: "Usiondoe alama ya mpaka wa zamani, wala usiingie katika mashamba ya yatima, maana mkombozi wao ni hodari." Hodari huyo yuko wapi?

Mama kila nikilia ananisomea 2 Petro 3:9, kwamba Bwana hakawii kuitimiza ahadi yake bali huvumilia, "maana hapendi mtu yeyote apotee." Nimeusoma mstari huo mpaka nimeukariri, na ndio unaonitesa. Kama Mungu anangoja ili baba mdogo atubu, basi anayengojewa ni yeye, na anayelala chumba kimoja cha kupanga wakati Mungu akingoja ni mama yangu. Uvumilivu ni wa Mungu ila gharama anailipa mama. Mwenye kunielewesha hili anieleweshe, ila si kwa mstari mmoja.

---

Mwinjilisti wa Same amejibu:

Dada Manka, pole sana. Mungu akinyamaza si kwamba ameafiki. Soma Warumi 2:4-5: wema wa Mungu humvuta mtu apate kutubu, na asiyetubu anajiwekea akiba ya hasira. Ibrahimu naye aliahidiwa nchi akaambiwa uzao wake utangoja miaka 400, sababu mojawapo "uovu wa Waamori haujatimia bado." Mungu ana hesabu yake. Endelea kumwombea baba yako mdogo, usiache uchungu ukaota shina moyoni.

---

Manka wa Mlimani:

Asante Mwinjilisti. Mistari nimeisoma. Ila mama ana miaka 64 na presha, hana miaka 400. Na naomba nisizungumziwe uchungu wangu kwanza. Mwenye kuulizwa kuhusu moyo wake awe yule aliyeng'oa mpaka.

---

Mwalimu mstaafu, Rabai amejibu:

Mwanangu Manka, salamu kutoka Rabai, Kenya. Nimefundisha dini na historia muda mrefu, na swali lako sitalipita haraka, kwa sababu umeuliza jambo ambalo wahubiri wengi tunaliruka: nani analipa wakati Mungu anavumilia.

Hapa kwetu nyumba aliyoishi mmisionari Johannes Rebmann bado ipo. Mwenzake Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Rebmann akamfuata 1846. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kuelekea Uchagani, aliuona mlima wenu, Kilimanjaro, na theluji yake. Aliporipoti, wasomi wa Ulaya walimbishia miaka mingi. Wewe ni wa Machame, kwa hiyo hili linakuhusu: alifika mpaka kwenu, kwa Mangi Mamkinga, mtawala wa Machame wakati huo. Mara ya kwanza akapokewa vizuri. Aliporudi 1849 na mizigo ya safari ndefu ya kwenda Unyamwezi, alinyang'anywa vitu vyake hatua kwa hatua mpaka safari ikavunjika, akarudi pwani mikono mitupu. Hakurudi tena Machame. Akakaa hapa Rabai hadi 1875, mkewe Emma akafia huku, macho yake mwenyewe yakafa, na waumini aliowaacha walikuwa wachache. Alishikwa mkono kurudishwa Ujerumani, akafariki mwaka uliofuata.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame 1893. Yaani miaka 44 baada ya watu wa mlima ule kumtoa mtu wa Injili mikono mitupu, Injili ikarudi palepale, ikaita watu walewale na watoto wao. Ibada unayokaa Jumapili, benchi lile la nyuma ya baba yako mdogo, limetokana na hapo. Kama Mungu angefunga hesabu na Machame mwaka 1849, nani angemlaumu?

Sasa usinielewe vibaya. Sikuambii "na wewe vumilia kama Rebmann." Rebmann alichagua kuja, mama yako hakuchagua kudhulumiwa. Nimekuletea habari hiyo kwa ajili ya upande wa pili: uko sahihi kwamba uvumilivu una gharama. Watu wa mlimani walipewa miaka 44, na mtu mmoja alikuwa hapa Rabai akipoteza macho. Wanaosema Mungu huvumilia bure hawajawahi kukaa upande wa anayengoja.

Ila fungua Warumi 3:25. Paulo anasema Mungu aliziachilia dhambi zilizotangulia katika ustahimili wake, na anayataja hayo katikati ya habari za damu ya Kristo. Mwanangu, hapo ndipo mimi ninaposhika. Miaka yote ile ambayo Mungu alionekana kama hakimu aliyesinzia, deni lilikuwa linaandikwa, na siku ilipofika hakulipeleka kwa mjane wala yatima. Alilibeba Mwenyewe, msalabani, nje ya mji. Kwa hiyo unaposema gharama anailipa mama peke yake, hapo tu ndipo ninapokukatalia. Hayuko peke yake. Hilo halimrudishii hata mgomba mmoja, najua, na sitajifanya linamrudishia. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumngoja Mungu aliyekaa mbali anatazama, na kumngoja Mungu ambaye naye ametolewa nje ya shamba lake. Ule mfano wa wakulima waovu, Mathayo 21, mwenye shamba alituma watumwa, wakapigwa, akatuma wengine, akamtuma mwanawe. "Wakamtupa nje ya shamba la mizabibu, wakamwua." Yesu alisimulia habari hiyo akijua mwana huyo ni nani.

---

Dada wa Msaada wa Kisheria amejibu:

Shikamoo Mwalimu, nimebarikiwa sana na maelezo yako. Manka, mimi ni msaidizi wa kisheria, kila wiki nakaa na wajane wa aina ya mama yako. Nina neno moja tu la kiroho, yaliyobaki ni ya kazi.

La kiroho ni hili. Yule mjane wa Luka 18 Yesu alimtoa kama mfano wa kuomba bila kukata tamaa, na yule mama hakukaa nyumbani. Alikwenda kwa kadhi, akarudi, akaenda tena, "Nipatie haki na adui wangu." Kwenda kudai haki ndio ulikuwa mwenendo wake wa imani. Kumngoja Bwana hakujawahi kumaanisha kunyamaza mbele ya baraza.

Sasa kazi, na hapa naomba msome kwa makini. Mungu hana ukomo wa muda, lakini sheria ya Tanzania inao. Madai ya kurudishiwa ardhi ukomo wake ni miaka 12. Baba alifariki 2015. Baba mdogo anaweza kuja kusema amekaa pale tangu mwaka huo bila mtu kumbughudhi. Mnaweza kumjibu kwamba aliingia kama mwangalizi kwa makubaliano ya ukoo na si kama mwenye mali, na ni hoja nzuri, lakini msiifanye mto wa kulalia. Fanyeni mambo kabla ya 2027.

Kwanza msimamizi wa mirathi. Bila huyo mtazunguka. Itisheni kikao cha ukoo, pateni muhtasari uliosainiwa, mwende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa anaishi marehemu. Mahakama ya Mwanzo haisikilizi kesi ya ardhi, ila inateua msimamizi, na huyo ndiye atakayekuwa na haki ya kudai kwa niaba ya mirathi. Mama anaweza kuteuliwa, mdogo wako pia kama ametimiza miaka 18. Baada ya hapo mnaanzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui, na siku 30 zikipita bila suluhu mnasonga Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tafuteni waliokuwepo kwenye kikao cha 2015 wakiwa hai na kumbukumbu zao zimetulia. Huyo mzee wa jirani aliyeshuhudia masale yanang'olewa ana thamani kuliko karatasi nyingi. Baraza likija kutembelea eneo, litamuuliza yeye.

---

Mwana wa Kagera amejibu:

Nawaheshimu wote mliotangulia. Mimi naongea kama mtu ambaye haki yake haikuja. Shamba la mama yangu lilichukuliwa, tukaenda kwenye mabaraza, tukashindwa, mama akafa anamwomba Mungu. Aliyechukua yu hai na ana afya. Kwa hiyo Manka akishauriwa, asiahidiwe kitu ambacho Mungu hakukiahidi. Waebrania 11 ina watu walioziba vinywa vya simba, na palepale ina watu waliokatwa kwa misumeno, na wote wanasifiwa kwa imani ileile. "Hawakuipokea ile ahadi." Iko pale, mstari wa 39.

Mimi nimebaki kanisani kwa sababu ya Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna shangwe mwishoni kama zaburi nyingine, na Mungu hakuruhusu itolewe kwenye Biblia. Siku ambazo siwezi kusema "Bwana ni mwema," naisoma hiyo, na najua nimeomba. Na ninaamini ufufuo kwa maana halisi kabisa. Mama yangu ana kesi ambayo haijasikilizwa, na itasikilizwa yeye mwenyewe akiwepo.

---

Manka wa Mlimani:

Mwana wa Kagera, nimesoma maneno yako nikiwa kwenye daladala nikashindwa kujizuia. Asante kwa kutonidanganya.

Mwalimu, ya Mamkinga sikuwahi kufundishwa shuleni wala kipaimara. Nimempigia simu bibi, naye akasema jina hilo analijua, habari ya mizigo haijui.

Lakini kuna jambo nataka kuuliza, na naomba mlichukue kama lilivyo. Katika maombi yangu yote sijawahi kuomba baba mdogo atubu. Nimeomba aaibike. Na hofu yangu kubwa ni kwamba siku moja atakuja na isale mkononi, mbele ya ukoo wote, na mama atalipokea, maana namjua mama. Na kila mtu atasema Mungu ni mwema, na mimi nitatakiwa kuitikia amina. Hapo nitafanyaje?

---

Mwalimu mstaafu, Rabai:

Mwanangu, hilo ni ombi la Yona. Alimwambia Mungu waziwazi, sura ya 4: ndiyo maana nalikimbia, kwa kuwa nalijua wewe u Mungu mwenye neema, si mwepesi wa hasira. Alikuwa na hasira kwa sababu aliujua uvumilivu wa Mungu na akajua utafanya kazi. Na ona Mungu hakumfukuza. Alikaa naye pale nje ya Ninawi akamuuliza maswali. Kitabu kinakwisha kwa swali la Mungu, na jibu la Yona halimo. Kwa hiyo kaa na hasira yako mbele za Mungu, usiifiche wala usiipake sukari. Ana nafasi nayo.

Ila kuhusu isale nakuambia jambo moja. Toba ambayo haigusi mpaka wa shamba haijafika. Zakayo alipookoka alisimama akasema nusu ya mali kwa maskini, "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Kwa hiyo akija na jani, mpokeeni, na mwombeni aje pia na jembe ayarudishe masale mahali pake. Mama yako anaweza kumsamehe siku hiyohiyo na msimamizi wa mirathi akaendelea na shauri kesho yake asubuhi. Msamaha unatoka kwa mama. Kihamba ni cha mirathi, na mama hana ruhusa ya kukisamehe kwa niaba ya mdogo wako.

---

Dada wa Msaada wa Kisheria:

Mwalimu amesema kisheria kabisa bila kujua! Na suluhu ya namna hiyo ikitokea iandikwe, isainiwe, ipelekwe barazani. Isiishie kwenye kikombe cha mbege, ile pombe ya ndizi.

---

Mwinjilisti wa Same:

Dada Manka, nimerudi kusoma. Nina swali la kichungaji: je, mchungaji wa usharika anajua? Mathayo 18 inaagiza mtu aliyekosewa aende kwanza kwa aliyemkosea, kisha na shahidi mmoja au wawili, kisha kanisani. Mzee wa kanisa ana kiapo mbele ya usharika. Kama hajaambiwa, aambiwe, na nipo tayari kushuka nikaongozana nanyi.

---

Manka wa Mlimani:

Mwinjilisti, ubarikiwe. Mchungaji wa sasa ni mgeni, hajui. Aliyekuwepo alijua, akamwambia mama aombe.

Nimeongea na mama jana usiku. Nilimsomea yote, pamoja na ile ya Mwana wa Kagera. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza 2015 na 12 ni ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Basi mimi nimekuwa nikimngoja Mungu, na yeye labda alikuwa ananingoja mimi." Sijui kama ni sahihi kiteolojia, Mwalimu utanisaidia, ila hivyo ndivyo alivyosema. Leo asubuhi hakwenda sokoni. Alimpigia baba mkubwa aliyeko Arusha, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, akamwomba aitishe kikao. Amekubali, ila anataka kifanyike kihambani, pale kaburini, na baba mdogo aitwe kama wengine. Mama amekubali sharti hilo. Mimi bado sijalikubali, ila nitakwenda.

Dada wa Msaada wa Kisheria, nina maswali mawili. Cheti cha kifo tunacho, lakini jina la baba limeandikwa lile la ubatizo tu, na kijijini wote wanamjua kwa jina la Kichaga, hata kwenye kadi ya chama cha ushirika cha kahawa ni hilo. Itatusumbua Mahakama ya Mwanzo? Na huyo mzee wa jirani aliyeona masale yaking'olewa ana miaka zaidi ya 80 na kushuka mpaka mahakamani hawezi. Kuna namna maelezo yake yakachukuliwa akiwa nyumbani?

---

Dada wa Msaada wa Kisheria:

La jina linatatulika. Mtaapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na kadi ya ushirika mwende nayo, itasaidia sana. La mzee, usisubiri. Kamweleze wakili au mwanasheria wa msaada wa bure aliye karibu, achukue kiapo chake nyumbani kwake wiki hii, akiwa na nguvu ya kueleza. Na siku baraza likipanda kutembelea eneo, mwombeni asikilizwe palepale mpakani. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze pa kuanzia hapo Moshi.